Unataka kusoma sheria? Weka madesa chini, nenda mahakamani

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Ndugu, jamaa, jamaa wa ndugu: "Kijana wangu kapata vizuri HGL, nimpeleke akasome sheria?" Kwa kuwa kazi yangu ya uandishi inanipeleka mahakamani mara kwa mara, watu wanaamini majibu ninayo. Jamani, mimi si wakili na shahada ya sheria sina. Ila nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama muda wa kutosha kujua wakili gani kaiva na yupi anatokwa jasho mbele ya hakimu. Kwa hiyo leo nayasema yote kwa mkupuo, atakayenipigia tena nitamwambia aje asome hapa.

Hoja yangu ni moja tu. Wanafunzi wengi wa sheria wanaoanguka hawaanguki kwa kukosa akili. Wanaanguka kwa sababu wanasoma sheria kama walivyosoma historia ya kidato cha nne: unakariri, unamwaga kwenye mtihani, unasahau. Sheria siyo somo la kukumbuka. Ni kazi ya mikono, kama useremala. Hakuna fundi aliyejifunza kutengeneza kitanda kwa kusoma desa la kitanda.

Kwa wasioujua utaratibu, ni hivi. Shahada ya kwanza ya sheria inachukua miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Ukimaliza, wewe bado si wakili. Kwa Tanzania Bara lazima upite Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi wanaiita Law School tu, pale Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na wanafunzi wa kwanza wakaingia 2008. Ukifaulu pale ndipo unaomba kuandikishwa, unaapishwa na Jaji Mkuu na jina lako linaingia kwenye orodha ya mawakili. Wazanzibari wana utaratibu wao.

Sasa mnakumbuka Oktoba 2022? Nchi nzima ilikuwa inazungumzia matokeo ya pale. Watahiniwa 633. Waliofaulu moja kwa moja 26. Wenye sapu 342. Waliodisko 265. Yaani katika kila watu mia moja, wanne tu ndio waliopita bila kugusa ukuta! Na hawa wote walikuwa na shahada zao mkononi, wengine za daraja zuri. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wanafunzi wakailaumu Taasisi, wengine wakavilaumu vyuo vikuu, wengine wakalaumu shule za sekondari na Kiingereza chake.

Lawama zote hizo zina ukweli ndani yake. Chuo kinachojaza wanafunzi mamia kwenye ukumbi mmoja na mhadhiri mmoja kinatafuta nini kama siyo balaa? Lakini mdogo wangu uliyeko mwaka wa kwanza leo, wewe huna miaka kumi ya kusubiri mfumo urekebishwe. Una miaka mitatu au minne, na bumu lenyewe linakuja likiwa limechelewa. Basi tuzungumze yaliyo mikononi mwako.

Kabla hujajaza fomu, jiulize kama unapenda kusoma. Simaanishi kupenda kubishana. Kila mzazi ananiambia "huyu mtoto anajua kuongea sana, atakuwa wakili mzuri." Mzazi, kuongea ni sehemu ndogo mno ya kazi ile. Sehemu kubwa ni kukaa peke yako na karatasi: jalada la kurasa mia mbili, mkataba ulioandikwa ovyo, hukumu ndefu. Mwanao kama anaongea sana na hapendi kusoma, mpeleke redioni, tutampokea.

Haya, umeshaingia chuo. La kwanza: soma hukumu yenyewe, yote. Chukua kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyoamuliwa na Jaji Mwalusanya Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990. Desa litakupa mstari mmoja: mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume. Unakariri, unafunga. Ukiisoma yote unakuta hadithi nzima. Holaria Pastory alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia, mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo kupinga, akashinda. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikageuza, na mpwa akakata rufaa. Jaji akapima mila iliyoandikwa mwaka 1963 dhidi ya Haki za Binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, mila ikashindwa.

Lakini subiri, bado. Mwishoni jaji alimpa yule mpwa miezi sita ya kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi zile 300,000, kwa sababu kanuni ya ukoo kukomboa ardhi iliendelea kuwepo, ila sasa kwa wanaume na wanawake sawasawa. Kipande hicho ndicho chenye maana kwa mteja wako aliyenunua shamba! Mteja hataki kujua kama wanawake wana haki, anataka kujua kama shamba litabaki kwake. Mwenye desa hana jibu, aliyesoma hukumu analo.

Na siku hizi huna kisingizio cha kukosa vitabu. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ziko TanzLII, bure, hata kwa simu. Weka utaratibu: hukumu mbili kwa wiki. Kila moja andika kwa maneno yako, nusu ukurasa tu: nani alimshtaki nani, kilitokea nini, swali la kisheria lilikuwa lipi, mahakama ilijibu nini na kwa sababu gani. Ukifanya hivyo wiki thelathini za mwaka, miaka mitatu unatoka na hukumu 180 kichwani. Hakuna mtu wa kimbwetani atakayekufikia.

La pili: shika sheria yenyewe mkononi. Usiniambie "Sheria ya Mikataba inasema" wakati hujawahi kufungua Sura ya 345. Kanuni ya Adhabu ni Sura ya 16, Sheria ya Ushahidi Sura ya 6, Mwenendo wa Madai Sura ya 33. Zisome kama zilivyo, pamoja na maneno ya kuchosha kama "isipokuwa" na "bila kuathiri", maana kesi nyingi zinafia kwenye maneno hayo. Na uangalie toleo! Toleo la Urekebu la 2023 lilianza kutumika Julai 2025. Desa ulilorithi kwa kaka yako wa mwaka wa nne linaweza kuwa na namba za vifungu za zamani.

La tatu, hili nalisema kwa uchungu: andika. Mara nyingi mwanafunzi anamaliza chuo hajawahi kuandaa hati ya madai hata moja, wala hati ya kiapo, wala barua ya madai ya kawaida. Kisha anaingia Law School anaambiwa aandae, anaduwaa. Usisubiri. Mwaka wa kwanza andaa mkataba wa kupanga chumba chako mwenyewe. Mwaka wa pili chukua ukweli wa hukumu uliyosoma, jifanye wakili wa mdai, andaa hati ya madai. Mpe mwenzako awe mdaiwa aijibu. Kisha mtafuteni wakili mmoja awachoree makosa kwa kalamu nyekundu. Itauma. Afadhali iume sasa.

Kwa nini nasisitiza? Niliwahi kukaa mahakamani siku mama mmoja mtu mzima alipokuja kusikiliza shauri lake la kiwanja. Kaamka alfajiri, kapanda magari matatu. Upande wa pili wakasimama na pingamizi la awali: hati ya kiapo ina kasoro, kwamba uthibitisho wake haukuonyesha yapi mleta maombi anayajua mwenyewe na yapi kaambiwa. Dakika ishirini, maombi yakaondolewa mahakamani. Kiwanja hakikuguswa hata kwa neno moja. Nje, kwenye korido, yule mama akamuuliza wakili wake: "Mwanangu, sasa tumeshinda au tumeshindwa?" Kijana akaanza kumjibu kwa Kiingereza, akakwama, akamwambia asubiri atampigia simu.

Kasoro ile ni mistari miwili ya karatasi. Ni kitu cha kufundishwa siku moja na kufanyiwa mazoezi mwezi mmoja. Ndiyo maana namba zile za mwaka 2022 hazinifanyi nicheke kama wengine walivyocheka. Upande mmoja kuna familia zilizouza ng'ombe zikamsomesha kijana akadisko. Upande mwingine kuna mama huyu, ambaye wakili wake alifaulu mitihani na bado akamwangusha. Sijui yupi kati yao aliumia zaidi, ila mama hakuwa na sapu ya kurudia.

La nne: lugha. Unasoma kwa Kiingereza, sawa. Kijue vizuri, maana hukumu nyingi za miaka iliyopita zimeandikwa kwa Kiingereza na hutazikimbia. Lakini mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, siyo Mahakama ya Mwanzo peke yake. Na hata kabla ya hapo mteja wako alikuwa anaongea Kiswahili. Kila unapoandika ule muhtasari wa nusu ukurasa, uandike mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Jua kusema shauri limeondolewa, siyo kufutwa, na umweleze mama wa watu tofauti yake: lililoondolewa kwa kasoro anaweza kulileta tena likiwa limerekebishwa, kama muda haujampita. Ukishindwa kumweleza bibi yako kesi akakuelewa, hujaielewa.

La tano: nenda mahakamani. Mahakama ziko wazi kwa umma, kesi nyingi unaingia tu na kukaa, simu umezima. Uko Dar? Nenda Kisutu asubuhi. Ukitaka kuona mirathi na ndoa nenda Kituo Jumuishi cha Temeke. Uko mkoani? Mahakama ya Mwanzo ya kata inatosha kabisa, tena ndiko walipo Watanzania wengi. Mtazame wakili anavyomhoji shahidi, ona swali moja la ziada linavyoharibu kila kitu. Zungumza na makarani kwa heshima, hao wanajua njia ya jalada kuliko maprofesa. Na ukipata nafasi ya kusaidia kwenye kamati ya msaada wa kisheria ya chuo, au kwa taasisi kama LHRC, TAWLA na WLAC, usiulize posho kwanza. Pale ndipo utakapokutana na binadamu mwenye shida, siyo "A" na "B" wa kwenye swali la mtihani.

La sita, la siku hizi: akili mnemba. Najua mnaitumia, msinifiche. Itumie kukufafanulia jambo ukipenda, lakini usiipe kazi ya kukutafutia kesi kisha ukanakili. Mwaka 2023 kule New York mawakili waliwasilisha mahakamani kesi ambazo hazijawahi kuwepo duniani, zimetungwa na ChatGPT. Jaji akawapiga faini ya dola 5,000, na dunia nzima ikawajua kwa aibu. Kesi usiyoifungua kwa macho yako, usiitaje. Kanuni hiyo inahusu desa vilevile. Kuna watu wanaitaja Mukisa Biscuit ya 1969 kila wakisikia neno pingamizi na hawajawahi kusoma ukurasa wake mmoja.

La mwisho ni kwa wazazi na wanaolipa. Hesabu yenu isiishie kwenye shahada. Baada ya chuo kuna Law School, kuna ada yake na kuishi Dar. Baada ya kuapishwa kuna miezi, pengine miaka, ya kuwa wakili mdogo kwenye ofisi ya mtu ukilipwa nauli. Pangeni mapema. Na mjue kwamba shahada ya sheria haina mlango mmoja: kuna mahakimu, waendesha mashtaka, wanasheria wa halmashauri, mabenki, mashirika. Asiyekuwa wakili hajafeli maisha.

Kuna watakaosema namkatisha tamaa kijana wa watu. Hapana. Namwambia bei ya bidhaa kabla hajafungua pochi. Nchi hii ina watu wengi wenye haki na wachache wa kuwasemea vizuri, na nafasi ya wakili anayejua kazi ipo na haitajaa leo wala kesho. Anza na hukumu moja usiku wa leo. Ile ya Holaria Pastory haimalizi hata jioni moja.

Nawasilisha. Walio ndani ya fani, nikosoeni nilipopinda, na mliopita Law School semeni kilichowasaidia ili wadogo zetu wapate kujua.