Tushindane kwa Miguu, Tusishindane kwa Mayai

WARAKA KWA WANACHAMA WOTE wa kikundi chetu cha ulinzi wa ufuo, Lamu: wavuvi, kina mama wauza samaki, vijana wa doria na wazee wetu washauri



Kusi imeanza kuvuma na kasa wanapanda kutaga. Wenzetu wa ng'ambo ya mkondo wametuma salamu: wanataka yale mashindano ya kulinda kasa yarudiwe mwaka huu. Kamati imekubali. Lakini kabla hatujaingia uwanjani nina neno, na ninaliandika ili asiyekuwapo kikaoni naye limfikie.

Mwaka jana tulikubaliana kwamba kijiji chenye viota vingi ndicho mshindi. Tukashinda kwa kiota kimoja, na kombe likaja kwetu kwa vigelegele. Wachache wanajua habari ya kiota hicho. Ulikuwa usiku wa bamvua. Tulikuta mburuzo mpya mchangani, mpana kama njia ya trekta, umetoka majini hadi kwenye vichaka; mwenyewe kasa alikuwa ameshateremka. Ili tupate pointi ilibidi mayai yaonekane, basi mmoja wetu akachukua kijiti akawa anachoma mchanga. Kijiti kikatoka kimelowa ute. Tulipofukua, mayai 3 yalikuwa yametoboka. Tukafukia, tukaenda zetu. Siku chache baadaye kaa wa mchangani walikuwa wameifuata harufu, na kiota chote kikaharibika. Kwenye daftari kimeandikwa pointi moja. Kalamu niliishika mimi.

Ndugu zangu, kushindana si aibu. Ni jadi yetu. Mkomani na Langoni wameshindana vizazi na vizazi, na Maulidi yetu yamenoga kwa sababu hiyo. Makunduchi kule Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, watu wa kusini na wa kaskazini hupigana kwa migomba kisha wakala pamoja. Tena tumefundishwa tangu chuoni kwamba katika kheri watu washindane. Swali ni moja tu: tunashindania nini?

Tazameni mashindano ya mashua. Upepo unavumia wote, na hakuna anayeupa zawadi. Anayesifiwa ni nahodha aliyejua lini atweke na lini apindue. Basi kasa ni upepo. Jike hurudi kutaga pande zile alikoanguliwa, baada ya miaka 20 au zaidi sana. Anayepanda kwetu usiku wa leo hakuletwa na bidii yetu ya msimu huu. Pengine ameletwa na mtu aliyepita kando ya kiota zamani, njaa ikimuuma, asikifukue. Na katika msimu mmoja hutaga mara kadhaa, kila baada ya wiki mbili hivi, mayai yapata 100 kwa kila shimo. Leo atataga kwetu, safari ijayo huenda akataga ng'ambo. Huyo tumwandikie nani?

Kwa hiyo mwaka huu pointi zitatolewa kwa yale yaliyo mikononi mwetu:

1. Doria. Kila usiku uliotembewa ufuo mzima, mwanzo hadi mwisho, una pointi, hata kama hakuonekana kasa hata mmoja. Usiku mtupu ndio mgumu kuutembea.

2. Kiota kisichoguswa. Mburuzo na mchanga uliofukiwa ni ushahidi tosha. Vijiti marufuku. Kiota kitahamishwa tu ikiwa maji ya bamvua yatakifikia, na atakayekihamisha ni aliyefunzwa, mapema, saa chache baada ya kutagwa, pasipo kuligeuza yai. Kiinitete hujishikiza kwenye ganda kwa ndani. Ukiligeuza baada ya hapo, umekiua.

3. Giza. Watoto wakitoka mchangani hukimbilia penye mwangaza, na kwa maumbile mwangaza ni wa bahari. Taa ya ukumbini huwavuta juu, wakafia vichakani. Nyumba ya ufuoni inayozima au kuziba taa zake inakipa kijiji chake pointi.

4. Jarife. Kasa anapumua hewa kama sisi. Akinaswa kwenye jarife lililolazwa usiku kucha, anazama. Mvuvi atakayelikagua jarife lake na kumwachilia kasa mzima ataandikiwa. Atakayekuta amekufa akaja kusema, hatanyang'anywa kitu. Afadhali habari mbaya ya kweli kuliko daftari safi la uongo.

5. Chungu. Kina mama, hili ni lenu na letu. Machi 2024 kule Kisiwa Panza, Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na 8 kati yao walikuwa watoto. Sumu ile haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Hapa kwetu Kenya, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamkataza mtu kumuua kasa, lakini mbele ya sufuria ya watoto wake mama hahitaji kukumbushwa sheria.

Wako watakaosema kwamba kasa wamezidi, kwani Oktoba 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaondoa kasa wa kijani katika orodha ya walio hatarini duniani. Ni kweli, na tumshukuru Mungu. Wamepona pale walipolindwa, tena kwa miongo mingi. Hiyo si ruhusa ya kulala. Na kasa wa aina ya ng'amba je? Bado yumo katika daraja la walio hatarini kabisa. Magamba yake yamesafirishwa kutoka pwani hii kwa karibu miaka 2,000, hata maandishi ya kale ya Kigiriki yanayataja. Deni hilo halilipwi kwa msimu mmoja.

Wazee wetu, nanyi tunawahitaji. Ni nyinyi mliosimuliwa jinsi Wabajuni walivyomfuga chazo, wakamfunga kamba mkiani na kumwachia baharini amnate kasa. Macho yaliyofunzwa na waliomtafuta kasa hivyo ndiyo yatakayotufaa kuwa waamuzi. Tumepatana hivi: wazee wetu wataamua ufuo wa ng'ambo, na wazee wao wataamua wetu. Atakayetuhesabu ni mshindani wetu mwenyewe, tena ataruhusiwa kufungua daftari ukurasa wowote.

Kwa sababu hiyo daftari lazima liwe safi kuanzia sasa. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kamati imekifuta kile kiota cha kijiti. Pointi zetu za mwaka jana na zao sasa ni sawa sawa, na kwa kuwa wao hawakutoboa yai, tumeona kombe ni lao.

Ijumaa baada ya sala mashua itaondoka gatini kulipeleka. Nitakuwa ndani na daftari langu. Nafasi zimebaki 10. Aje mwenye miguu ya kurudi nayo doria usiku huohuo.

Wabillahi tawfiq.

Wenu katika kazi,
Katibu