Mgongo Wazi au Mgongo Uliozibwa? Neno kwa Wanaorekodi Podikasti za Kiswahili

Miongoni mwetu wanafunzi wa Kiswahili pana mjadala ambao, kwa mtazamo wa kwanza, hauhusiani na isimu wala fasihi: tunaporekodi podikasti, tuvae hedifoni za aina gani? Wapo wanaoshikilia kwamba zenye mgongo wazi ndizo bora kwa kuwa sauti yake ni asilia zaidi. Wapo pia, nami nikiwemo, wanaoona kwamba kwa kazi ya kurekodi, zenye mgongo uliozibwa hazina mshindani. Nimeshika kalamu kwa sababu kosa katika uchaguzi huu lilinigharimu hadithi nzima.

Kwanza tufafanue istilahi. Hedifoni yenye mgongo uliozibwa ina kikombe kisicho na tundu, kinacholizingira sikio na kuifungia sauti ndani. Ile ya mgongo wazi ina matundu au wavu nyuma ya kikombe, hivyo hewa na sauti hupita huku na huku. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ndiyo iliyoleta sokoni hedifoni ya kwanza ya mgongo wazi, HD 414, mwaka wa 1968, na tangu hapo wapenzi wa muziki wamezienzi. Sifa wanazozimiminia si za bure. Sauti husikika kana kwamba imo chumbani wala si ndani ya fuvu la kichwa. Fauka ya hayo, masikio hayatoki jasho, jambo ambalo mkazi wa Mombasa hahitaji kuelezwa.

Hata hivyo, ieleweke kwamba anayerekodi ana maikrofoni mbele ya mdomo wake, na maikrofoni haichagui cha kusikia. Wakati mmoja nilimhoji kwa njia ya intaneti fanani mmoja mzee, yeye akiwa kwao pwani, mimi chumbani mwangu bwenini. Kila upande ulijirekodi. Nilikuwa nimeazima hedifoni ya mgongo wazi, ya bei ghali, nikajiona nimefika. Mzee alisimulia, akaimba, akaniuliza maswali, nami nikaitikia na kucheka kama hadhira yoyote iliyolelewa ikalelewa. Nilipoketi kuhariri, kila neno lake lilisikika mara mbili: wazi katika rekodi yake, kisha kwa unyonge, kwa kuchelewa kidogo, katika rekodi yangu. Sauti yake ilikuwa imevuja kupitia matundu ya hedifoni na kunaswa na maikrofoni yangu.

Msomaji atauliza: kwa nini usiizime rekodi yako kila mzee anapozungumza? Nilijaribu. Lakini kuitikia kwangu na kicheko changu vilikuwa vimeangukia juu ya maneno yake. Kuifuta sauti iliyovuja kulikuwa sawa na kuifuta hadhira. Hadithi isiyo na mwitikio ni utendaji uliokatwa mkono. Mzee, kwa ukarimu wake, alikubali kusimulia upya. Mara hii hadithi ilikuwa fupi na wimbo mmoja aliuacha. Nilipomkumbusha, alisema haukumjia. Sisi tunaofunzwa kwamba kila utendaji ni tukio la pekee tunalijua jambo hilo vitabuni. Mimi nililijua siku hiyo.

Mwenzangu mmoja hupinga kwamba hedifoni zilizozibwa humfanya mtu asikie sauti yake ikivuma kama mtu aliyetia kichwa mtungini, na kwamba baadhi yake huzidisha besi, hata mhariri akaipunguza mno na kuacha sauti ya mgeni imekonda. Hoja hiyo naikubali, ila ni hoja ya kuhariri, si ya kurekodi. Anayehariri peke yake mahali patulivu na avae za mgongo wazi. Je, patulivu ni wapi? Bwenini, kelele za jirani na honi za matatu hupenya mle mle sauti inamotokea, na mtu huishia kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki.

Asiye na fedha za kutosha asikate tamaa. Vile vidude vidogo vya kutumbukiza masikioni, mradi viwe vinaziba vizuri, humfaa anayerekodi kuliko hedifoni ghali ya mgongo wazi. Mwenye uwezo wa kununua jozi moja tu anunue iliyozibwa, mfano wa Sony MDR-7506, ambayo imetumika katika studio tangu mwaka wa 1991.

Kwa hivyo chama chetu kitakapokaa kuorodhesha vifaa, pendekezo langu ni jozi mbili zilizozibwa, ya mwenyeji na ya mgeni. Ikibaki akiba, inunuliwe moja ya mgongo wazi, iwekwe kwenye meza ya mhariri, na isiazimwe na yeyote anayekwenda kurekodi.