Kamba Hukatikia Pabovu: Bangi na Mizani ya Haki Mkoani Mara

Tarehe 9 Agosti 2022 wapigakura wa Kenya walikuta katika karatasi zao jina la George Wajackoyah, mgombea urais aliyeahidi kwamba bangi italimwa kwa ruhusa ya sheria, itauzwa ng'ambo, na fedha yake italipa deni la taifa. Alipata kura 61,969, yaani chini ya moja katika kila mia. Uchaguzi ulikwisha, lakini hoja haikuzikwa pamoja nao. Mpaka wa Sirari haujapata kuzuia maneno, na ng'ambo yake ya kusini ni mkoa wa Mara, ambako kilimo cha siri cha mmea huo wilayani Tarime si siri kwa mtu yeyote.

Katika Marekani jambo hili huulizwa watu wenyewe, jimbo kwa jimbo. Mwaka 2012 Colorado na Washington zilikubali. Novemba 2024 karibu watu 56 katika kila 100 waliopiga kura Florida walikubali pia, lakini katiba ya jimbo lao yataka 60, kwa hiyo hoja ikaanguka. Mtu wa Musoma, Bunda au Butiama hajapata kuulizwa. Hujadili sheria asiyoipigia kura. Na asiye na kura yampasa kuwa na hoja iliyo safi zaidi. Hoja zinazosikika ni mbili, na zote zina kilema kimoja: zautazama mmea, hazimtazami mtu.

Hoja ya kwanza ni ya wapenda mali. Husema kwamba bangi ni dhahabu iliyoota majani, na kwamba taifa linaloichoma lachoma hazina yake. Maneno haya ni matamu, lakini utamu wake hupungua yakifikishwa Lesotho. Nchi hiyo ilitangulia Afrika nzima kutoa leseni ya kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2017. Wakulima wa milimani walikuwa wameilima tangu enzi za babu zao. Leseni ilipokuja, ada yake ilikuwa nzito kuliko mfuko wa mkulima. Makampuni yenye mitaji ya kigeni yaliingia kwa mlango wa mbele. Mkulima mdogo akabaki uani, na alichokuwa akikilima kikabaki kosa vilevile. Kuhalalisha kwa namna hiyo si kumfungua mtu. Ni kumpokonya biashara aliyoibeba kwa hatari, kisha kuwapa wengine baada ya hatari kuondolewa.

Mara haina haja ya kwenda mbali kujifunza jambo hili. Nyamongo, palipofunguliwa mgodi mkubwa wa dhahabu mwaka 2002, yatosha kuonyesha kwamba mali iliyo chini ya ardhi si lazima iwe mali ya akaaye juu yake. Hakuna sababu ya kuamini kwamba dhahabu ya majani itakuwa karimu kuliko dhahabu ya mawe.

Hoja ya pili ni ya wapenda adhabu, nayo ndiyo iliyoshika madaraka. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, yaweka kifungo cha miaka 30 kwa atiwaye hatiani kwa kusafirisha bangi. Na uzito ukivuka mpaka uliowekwa, kifungo ni cha maisha. Neno kusafirisha nalo limepanuliwa katika sheria hiyo hata likabeba kuhifadhi na kumiliki. Mtu aweza kusafirisha bila ya kutoka nyumbani kwake.

Barabara kuu itokayo Tarime huvuka Mto Mara katika daraja la Kirumi, hupita wilaya ya Butiama, hufika Bunda na kuendelea Mwanza. Anayekamatwa katika njia hiyo ni aliyebeba gunia. Mwenye gunia hayupo. Fedha yake imesafiri kwa njia nyingine. Kijana wa miaka 22 akihukumiwa Musoma kifungo cha miaka 30 na kukitumikia chote, atatoka na miaka 52, wazazi wake wamekwisha kuzikwa na shamba limekwisha kugawanywa. Kamba hukatikia pabovu, na mahakama huletewa kipande kilichokatika tu.

Sheria hiyohiyo yaihesabu mirungi kuwa dawa ya kulevya. Lakini ng'ambo ya Sirari, Kenya, mirungi ni zao lililotambuliwa na sheria mwaka 2016. Hatua chache za miguu zamgeuza mkulima kuwa mhalifu, hali jani ni lilelile na mkono ni uleule. Hili halithibitishi kwamba Kenya ina haki na Tanzania ina kosa. Lathibitisha kwamba kosa hili ni la mapatano ya watu, na mapatano ya watu yaweza kupimwa upya.

Wapenda adhabu wakishindwa hapa hukimbilia Butiama. Husema kwamba Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa na kuzikwa huko, asingalivumilia ulegevu. Na wapelekwe Butiama, lakini wapelekwe pamoja na historia. Mwaka 1963, chini ya serikali yake, ilitungwa Sheria ya Adhabu za Chini. Ilimnyima hakimu uhuru wa kupima, ikaamuru kifungo na viboko 24, na wizi wa mifugo ulikuwa miongoni mwa makosa yaliyolengwa. Je, wizi wa ng'ombe ulikoma Mara? Haukukoma, wananchi walikuja kuunda sungusungu kujilinda wenyewe. Mwaka 1972 sheria ile ilifutwa, ikawekwa nyingine isiyo na viboko vile vya lazima. Basi mafunzo ya Butiama si ukali peke yake. Ni ushujaa wa kuirekebisha sheria iliyopima vibaya.

Yasalia pingamizi moja lenye uzito. Bangi huharibu akili za vijana. Ni kweli, wala haifai kufichwa: avutaye sana tangu ujana hujiweka katika hatari ya wazimu, na mzazi aliyemwona mwanawe akipotea hivyo hahitaji kufundishwa na mtu. Lakini mgonjwa hupelekwa kwa mganga, na gereza si hospitali. Tarehe 2 Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi katika orodha kali kabisa ya Mkataba wa mwaka 1961, kwa kura 27 dhidi ya 25, lakini ikaiacha chini ya udhibiti. Dunia haikusema kwamba bangi ni maji. Ilikataa tu kuihesabu sawa na sumu zilizo kubwa kuliko zote.

Kwa hiyo utaratibu wa haki uko wazi, nao huanza na mtu. Kwanza, adhabu ipunguzwe, na hakimu arudishiwe mizani yake, ili mbebaji maskini asipimwe kwa jiwe moja na tajiri aliyemtuma. Pili, mkulima wa bonde la Mto Mara asifyekewe shamba na kuachwa na majivu. Apewe mbegu, barabara na soko la zao lingine litakalomlisha. Tatu, ikiwa siku itafika ya kuzungumza habari za leseni na biashara ya ng'ambo, wa kwanza kuketi mezani awe yule aliyefungwa kwa ajili ya mmea huo. Atakayeanza na la tatu, akaruka la kwanza, asijiite mkombozi wa Mara. Atakuwa mchuuzi tu, amefika sokoni wenye mali wakiwa gerezani.