Bweni nalo linafundisha

KAULI YA JUMA
Na Zuhura Mbwambo

Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, Oktoba na Novemba, wanafunzi wapya hupitishwa kwenye wiki ya utambulisho. Huoneshwa maktaba, husomewa kanuni za mitihani, huonywa kuhusu kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Vyuo vingine huongeza kipindi cha mazingira: mgeni anazungumzia mabadiliko ya tabianchi, miti inapandwa, picha zinapigwa. Kipindi kikiisha kijana anarudi bwenini, na bweni nalo linaanza kumfundisha. Kwa maoni yangu somo la bweni ndilo linaloshika, na mara nyingi linasema kinyume kabisa cha yule mgeni.

Tuanze na maji. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde humwaga kiasi cha lita 20 kwa siku, yaani ndoo kubwa nzima. Bweni lisilo na bomba la namna hiyo ni nadra, na bomba hilo linaweza kudondosha muhula mzima kwa sababu wa kwanza aliyeripoti hakujibiwa, wa pili hakuona haja ya kuripoti. Maji yanapotea, lakini kinachoniuma zaidi ni vijana wanaopita mbele ya bomba hilo kila asubuhi mpaka wakazoea kwamba mali ya wote haina mwenyewe.

Umeme ni hivyo hivyo. Hita ya waya ya kilowati 1 ikizamishwa kwenye ndoo kwa saa nzima hula uniti 1, lakini mwanafunzi wa bwenini hana pa kuiona uniti hiyo. Bili inakwenda kwa mhasibu wa chuo na kuishia kwenye faili. Mwenzake aliyepanga geto mtaani, anayechangia umeme wa LUKU, wa kulipia kabla, na wenzake, anaijua uniti vizuri sana, maana ikiisha usiku wa kuamkia mtihani ni giza. Hakuisomea popote. Mita iliyoko ukutani ndiyo iliyomfundisha.

Sasa nenda nyuma ya kafteria saa nane mchana. Kuna pipa moja, na kila kitu kinaingia humo: wali uliobaki, maganda ya ndizi, chupa za maji, vijiko vya plastiki, karatasi za risiti. Muokota makopo anachagua chupa zilizolowa mchuzi, nyingine hazifai tena, anaziacha. Zilizobaki zinapakiwa na wali wenyewe kwenye lori hadi dampo, na kwa Dar es Salaam dampo ni Pugu. Mapipa mawili tu yangebadili kila kitu. Chupa zingefika safi kwa yule anayeishi kwa kuziuza kwa kilo, na mabaki ya chakula yangekwenda kwa mfugaji, au yangelisha funza wa nzi chuma ambao ni chakula kizuri cha kuku na samaki. Chuo chenye kitivo cha kilimo au cha sayansi kina maabara hiyo bure, nyuma ya jiko lake, lakini wanafunzi wanapelekwa mbali kwa basi kutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo.

Jiko lenyewe nalo ni darasa. Likipikia mkaa, ikumbukwe kwamba tanuru letu la kienyeji la udongo hutumia takriban kilo 7 za kuni au zaidi kupata kilo 1 ya mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Wanaoingia chuo sasa ndio watakaokuwa na familia zao mwaka huo. Wanafunzi wa uhasibu wakabidhiwe hesabu za jiko la chuo, za mkaa, gesi na umeme, wapige wenyewe gharama ya sufuria moja ya maharage. Wanafunzi wa uhandisi wapime jiko la umeme la presha linatumia uniti ngapi kwa sufuria hiyo hiyo. Mtu aliyepima kwa mkono wake hahitaji kuhubiriwa na mtu mwingine.

Wazo hili si geni kwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, aliuliza kama kweli shule inahitaji kuajiri wafagiaji na watunza bustani. Alitaka kazi za kuendesha shule ziwe sehemu ya masomo, ili kijana asitoke akiidharau jamii iliyomsomesha. Tumelikumbuka jina la kitabu na kulisahau swali lake.

Najua jibu nitakalopewa. Mwanafunzi wetu ni maskini, anasubiri bumu, yaani fedha ya mkopo, wengine wamebebana wawili kitanda kimoja. Huyu mnataka abane nini tena? Hoja hii ni nzito na kwa sehemu kubwa naikubali. Kijana anayetembea kutoka mtaani Changanyikeni hadi chuoni Mlimani, anayevaa mtumba, anayepeleka simu iliyopasuka kioo kwa fundi badala ya kununua nyingine, anatumia kidogo kuliko wengi wa wanaomhubiria. Tatizo liko mbele yake. Anayafanya yote hayo akiamini ni taabu ya kupita. Hakuna aliyemwambia kwamba kutengeneza kitu badala ya kukitupa ni ujuzi, wala kwamba daladala iliyojaa hutumia mafuta kidogo kwa kila abiria kuliko gari la mtu mmoja. Kwa hiyo mshahara wa kwanza ukiingia anapima kufaulu kwake kwa yale aliyoyaacha: kutembea, daladala, fundi.

Baada ya miaka kumi yeye ndiye mchora ramani anayebuni jengo la vioo lisilo na dirisha la kufunguka katika joto la Dar es Salaam. Yeye ndiye ofisa manunuzi anayeagiza maboksi ya maji ya chupa kwa kila kikao. Haya hayafanyiki kwa ubaya. Anafanya alichoona chuo chake kikifanya.

Na tusiseme vijana hawabadiliki. Wengi wa walioko vyuoni leo walikuwa watoto tarehe 1 Juni 2019, nchi ilipoagana na mfuko wa plastiki, Rambo. Waliona kwa macho yao watu wazima wakirudi sokoni na vikapu. Jirani zetu nao wana cha kuonesha: Chuo Kikuu cha Strathmore cha Nairobi kilifunga juu ya mapaa yake mitambo ya umeme wa jua ya kilowati 600 mwaka 2014. Mwanafunzi anayesoma chini ya paa kama hilo hahitaji kuambiwa kwamba umeme wa jua unawezekana.

Si lazima tuanze na mapaa. Ombi langu ni kwa makamu wakuu wa vyuo na serikali za wanafunzi, kabla ya wapya kuripoti. Chagueni bweni moja. Kila mwezi bandikeni kwenye ubao wa matangazo uniti za umeme na lita za maji zilizotumika humo, gharama yake kwa shilingi, na idadi ya mabomba yaliyoripotiwa na yaliyotengenezwa. Mwezi unaofuata bandikeni tena, wenyeji wa bweni walinganishe. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala warsha. Inahitaji karatasi moja, gundi, na fundi bomba anayekuja anapoitwa.