Bunia: watoto wa 2019 watafika chuo kikuu mwaka 2031, nani anawahesabu?

Hesabu ni rahisi. Mtoto aliyeingia mwaka wa kwanza wa msingi Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, alipaswa kumaliza mwaka wa sita mwaka 2025. Anafuata wa saba na wa nane, kisha miaka 4 ya humanite. Asiporudia darasa, atapata diploma ya serikali mwaka 2031 na kupiga hodi kwenye Chuo Kikuu cha Bunia au ISP. Yote hayo yalijulikana tangu siku ya kwanza. Kinshasa haiwezi kusema ilishtukizwa.

Masomo bila malipo ni haki, kipengele cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema wazi. Lakini kufuta malipo hakujengi ukuta. Pesa ya wazazi ndiyo ilikuwa inanunua mabati na madawati, ndiyo ilikuwa inawashikilia waalimu ambao hawamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wengine bado wanangoja.

Ituri ina shida yake zaidi. Programu ya maendeleo ya wilaya 145, ile PDL-145T, inapanga shule kwa wilaya: Aru, Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa. Bunia ni mji, si wilaya. Na tangu mwisho wa 2017, vita vya Djugu, kisha vya Irumu, vimesukuma familia nyingi mpaka Bunia, wengine Kigonze, wengine kwa ndugu. Shule inapangwa kijijini ambako watoto walikimbia. Watoto wenyewe wako mjini, wanasoma zamu ya mchana. Djugu ijengewe, ndiyo, maana bila shule hakuna mzazi atakayerudi. Lakini watoto wahesabiwe pia pale wanapolala leo.

Nani atauliza? Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi, na wabunge wa jimbo waliwekwa pembeni. Hatua hiyo huongezwa kila siku 15. Mtoto mmoja anahitaji mpango wa miaka 12.

Upande wa chuo kikuu, mfumo wa LMD unadai maktaba, maabara na maprofesa, si kujaza ukumbi tu. Tena kuna jambo linalosahauliwa: mwalimu atakayempokea mtoto huyo humanite mwaka 2027 anatayarishwa ISP kabla ya hapo. Idadi ya wanafunzi wa ISP ingefaa ipangwe kwa kuangalia madarasa ya msingi, na si kwa kuangalia wangapi wamelipa kujiandikisha.

Leo wizara ya shule inahesabu wake, wizara ya vyuo wake. Kabla ya kufungua mwaka ujao wa masomo, ofisi hizo mbili za Bunia zikae meza moja na zitangaze hesabu: wanafunzi wangapi wako mwaka wa sita, vyumba vingapi, waalimu wangapi wanalipwa. Mji kwa mji, wilaya kwa wilaya, na karatasi ibandikwe pale wazazi wanapoweza kuisoma.