Jina la Ubatizo na Ajira ya Chuo Kikuu

Ujenzi wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Lindi umewapa matumaini wahitimu wetu wa Masasi na Newala wanaotafuta kazi za utafiti na utawala. Ni matumaini ya haki. Hata hivyo, nafasi za vyuo vikuu vya umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hupokelewa kwa mtandao bila malipo; anayedai fedha ili “kukuunganisha” ni tapeli.

Kikwazo kinachotusikitisha zaidi ni jina. Kijana alibatizwa Yosefu, shuleni akaandikwa Joseph, na cheti cha kuzaliwa kikabaki na jina la babu. Majina yakitofautiana, kwenye usaili hutakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Asiye nayo aweza kurudishwa, hata akiwa amesafiri kutoka Newala hadi Dodoma. Hati ya muda ya matokeo nayo haikubaliwi. Cheti cha ubatizo, tuseme wazi, hakichukui nafasi ya hati hizo. Basi wazazi wanaoandikisha watoto kwa ubatizo waje na cheti cha kuzaliwa, na makatibu wa parokia wanakili jina herufi kwa herufi.