SAA ZA JIONI: Garimoshi la Mlima Gelai Juu ya Meza

Msomaji wetu mmoja wa Ziwani ametuletea barua yenye maswali mawili. La kwanza, yeye na mwanawe wameazimu kuunda mfano wa garimoshi la mvuke, lile kubwa lililokuwa likivuta mabehewa ya mizigo kutoka Mombasa, nao wamekwisha kukusanya makopo, waya na vifuniko vya soda. Je, waanze na pipa la mvuke au waanze na magurudumu? La pili, majirani wanamcheka kwamba mtu mzima mwenye kazi ya ofisini anachezea makopo. Je, awajibu nini?

Nitaanza na la pili kwa kuwa ni jepesi. Asiwajibu. Kazi ikikamilika watakuja wenyewe kuitazama, na waliocheka sana ndio watakaokaa sana.

Katika la kwanza, nasema wasianze na pipa wala magurudumu. Waanze na rula.

Maana katika mitaa yetu ya Eastlands, tangu Muthurwa na Makongeni, ambako watumishi wa reli walijengewa nyumba, mpaka Kaloleni, Bahati na Jericho, watoto hawajapata kushindwa kuunda gari. Huupinda waya, wakaufunga kwa vipande vya mpira, wakatia vifuniko vya soda viwe magurudumu, na fimbo ndefu ya kuongozea, kisha wakalikimbiza njia nzima. Na ukifika kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji utaona bati la mapipa likigeuka kuwa jiko au sanduku la mwanafunzi kwa nyundo tu. Basi ustadi wa mikono tunao. Kinachokosekana katika garimoshi la mtoto ni kipimo. Mtoto huunda kile ambacho jicho lake limekipenda, nalo hupenda magurudumu na bomba la moshi. Kwa hiyo vitu hivyo viwili huwa vikubwa kupita kiasi, na pipa la mvuke huwa jembamba kama mkono wa mtoto mwenyewe.

Sasa nenda kwenye Makumbusho ya Reli karibu na stesheni ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Kutoka Muthurwa ni mwendo wa miguu. Humo yamo magarimoshi mawili ya aina iliyoitwa 59, nambari 5918 liitwalo Mount Gelai na nambari 5930 liitwalo Mount Shengena. Aina hiyo yalikuwa 34, yakaundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, na kila moja lilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Gelai ni mlima ulio karibu na Ziwa Natron, na Shengena uko Upare. Kila moja lilikuwa na uzito wa kadiri ya tani 252, na wajuzi wa mambo haya huyahesabu kuwa ndiyo magari ya mvuke yenye nguvu kuliko yote yaliyopata kutembea juu ya njia ya upana wa mita moja.

Simama kando ya gurudumu lake kubwa. Kipenyo chake ni mita 1.37, yaani linamfikia mtu mzima karibu na bega. Kisha inua macho ulitazame pipa. Kipenyo cha pipa ni mita 2.29. Kumbe pipa ndilo kubwa na gurudumu ndilo dogo, kinyume kabisa cha garimoshi la mtoto! Hapo ndipo rula inapolifundisha jicho adabu.

Tena rula ikikuonyesha jambo la namna hiyo, hukulazimisha kuuliza sababu. Katika garimoshi la kawaida pipa hukaa juu ya magurudumu, basi likinenepa mno hugombana nayo. Mwaka 1907 mhandisi Mwingereza, Herbert William Garratt, aliomba hati ya kulinda shauri lake jipya. Aligawa gari sehemu tatu. Mbele aliweka injini yenye magurudumu yake na tangi la maji juu yake, nyuma akaweka injini nyingine, na katikati akalitundika pipa pamoja na chumba cha dereva, likiegemea pini mbili kama daraja. Kwa kuwa chini ya pipa hapana gurudumu, laweza kunenepa lipendavyo, na tanuri lake laweza kuwa pana. Na kwa kuwa sehemu tatu hizo hupinda kwenye pini, gari refu kupita mita 31 hupita kwenye kona bila kuing'oa njia. Reli yetu ilianzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi mwaka 1899, nayo inapanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Kwa mlima na kona kama hizo, shauri la Bwana Garratt lilifaa mno.

Turudi mezani. Shauri langu ni kwamba mfano uwe sehemu moja ya sitini ya gari lenyewe, na sababu zangu ni tatu. Hesabu yake ni nyepesi, maana kila sentimita 6 za gari ni milimita 1 ya mfano. Tena magurudumu makubwa yatakuwa na milimita 23, na mipini mingi ya mifagio haiko mbali na kipimo hicho. Nenda sokoni na rula yako uchague. Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Njia ya mita moja ikigawanywa kwa 60 huwa milimita 16.7, na reli za kuchezea zinazouzwa kwa wingi duniani zina upana wa milimita 16.5. Reli hizo zilikusudiwa njia ya Ulaya ya milimita 1,435 iliyopunguzwa mara 87, yaani njia ya upana ule ule wa reli yetu mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi. Lakini chuma hakijui kilikusudiwa nani.

Kwa kipimo hiki urefu wa mfano utakuwa kama sentimita 53, na pipa litakuwa na kipenyo cha milimita 38. Uzito je? Hapa makarani wengi watagawanya tani 252 kwa 60, wapate zaidi ya tani nne, washangae. Urefu hugawanywa kwa 60, lakini uzito huenda pamoja na urefu, upana na kimo, kwa hiyo hugawanywa kwa 60 mara tatu, yaani kwa 216,000. Jawabu ni kilo moja na kama sehemu moja ya tano hivi. Garimoshi zima la Mlima Gelai ni jepesi kuliko pakiti ya unga ya kilo mbili!

Magurudumu makubwa ni 16, manane kwa kila injini, na madogo ni 12. Kata vipande vya mpini vyenye unene wa milimita 4, uvipige msasa, kisha gundisha nyuma ya kila kimoja duara la bati lililozidi kidogo, liwe ukingo wa kulizuia gurudumu lisitoke relini. Spoku za baiskeli zafaa kwa ekseli. Tundu la katikati litobolewe katikati hasa. Gurudumu lenye tundu la kando litachechemea, na gari zima litachechemea nalo.

Kazi inayowashinda wengi ni fito zile zinazounganisha magurudumu manne ya upande mmoja. Mtu hutoboa ufito wa kulia, kisha wa kushoto, kisha hutoboa matundu ya ekseli kwenye ubao, kila kimoja kwa rula, akidhani amekuwa mwangalifu. Nusu milimita hapa na nusu milimita pale, na magurudumu hukwama. Dawa yake ni kufunga fito zote mbili pamoja na ubao wa chasisi katika jiriwa moja, na kuzitoboa zote kwa pigo moja la keekee. Hapo hata ukikosea kipimo, kosa litakuwa lile lile pande zote, na magurudumu yatazunguka bila ugomvi.

Pipa ni kazi ya fundi wa koroboi. Kata bati la kopo la mafuta ya kupikia, upana milimita 120 na 5 zaidi za kupandishia, uliviringe juu ya mti wa milimita 38, kisha ulehemu mshono na kuulaza chini usionekane. Fungua dirisha unapolehemu, usile wala kuvuta sigara, na unawe mikono, maana lehemu nyingi zina risasi ndani, nayo ni sumu, hasa kwa watoto.

Sharti niseme neno kali hapa. Pasiwe na mtu atakayetia maji ndani ya pipa hilo, akaliziba na kuliwekea moto ili lende kwa mvuke wa kweli. Lehemu ya kawaida huyeyuka kwenye joto la digrii 183 hivi, na pipa likikauka maji juu ya moto mshono huachia mara moja. Lisipoachia, hupasuka. Pipa la mvuke wa kweli, hata likiwa dogo kama kikombe, huundwa kwa shaba nyekundu, huunganishwa kwa lehemu ya fedha, hutiwa vali ya usalama, na hujaribiwa kwa maji baridi yaliyosukumwa kwa nguvu kabla ya kuona moto. Asiye na mafunzo hayo na aridhike na gari la kusukuma au la umeme.

Kwa umeme, mtu akipata katika mitumba injini mbili za kuchezea za reli ya milimita 16.5, na azing'oe mabati ya juu, abaki na chasisi zenye mota. Chasisi moja iwekwe mbele na nyingine nyuma. Nyingi zina magurudumu makubwa sita tu, kwa hiyo itabidi kurefusha chasisi na kuongeza ekseli ya nne kila upande, au kukubali upungufu. Mimi ningerefusha. Pini mbili za kati zilegezwe kiasi cha kucheza juu na chini kidogo, maana mfano ulioshikwa kwa nguvu utaanguka kwenye kona ya kwanza. Na transfoma iwe ya volti 12, wala waya wa nyumba usiguse reli hata kidogo.

Nimeona mifano yenye rundo la makaa nyuma. Ni pambo zuri, lakini si kweli kwa aina hii. Magari ya 59 yalichoma mafuta, na fayamani wake hakushika sepetu. Angalieni pia bomba la moshi. Mengi ya magari haya yalitiwa baadaye chombo cha mhandisi wa Austria, Giesl, na bomba lake likawa jembamba na refu kuelekea nyuma, si duara kama kikombe. Rangi ni damu ya mzee.

Vitu vingine havipimiki kwa rula. Dereva alikaa upande gani, mkono wake ulishika nini gari likipanda kutoka Mazeras, birika la chai lilitulia wapi joto lisilipasue? Majibu hayo wanayo watu, nao wanapungua. Magari ya 59 ya mwisho yaliondolewa kazini mwaka 1980. Aliyekuwa fayamani wa miaka 25 mwaka ule, leo ni mzee wa miaka sabini. Makongeni na Muthurwa wamekaa wengi wa namna hiyo, na baadhi wamekwisha kurudi mashambani kwao. Msomaji wetu wa Ziwani na ampeleke mwanawe kwa mzee mmoja, wabishe hodi, waseme, “Shikamoo mzee, tumekuja kuuliza habari za gari la mvuke,” na kijana awe na daftari na kalamu. Wachukue na mfano wenyewe, hata ukiwa nusu. Mtu aliyeshindwa kueleza kwa maneno hukionyesha kitu kwa kidole.

Makumbushoni waombe ruhusa kabla ya kupanda juu ya gari, na wakipiga picha kwa simu, rula ionekane ndani ya picha, ikilala bapa juu ya kitu kinachopimwa. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutashughulika na mabehewa na jinsi ya kuyaunganisha.